Jongoo wa Daktari

Mama Antena, jirani yetu tunayechangia naye ukuta, anaapa kwa macho yake yote mawili kwamba alimwona Daktari mchana kweupe amepiga magoti chumbani mwake, mbele ya mtungi, jasho linamtiririka, akibembeleza kwa sauti ya mtu aliyefiwa: "Panda, baba. Panda kidogo tu. Usiniaibishe mbele ya watu." Halafu kitu kikaanguka, puu! Halafu Daktari akasema, "Basi, pumzika," akajifuta uso kwa mkono wa shati. Mama Antena anasisitiza kwamba hakuwa anachungulia. Alikuwa anaanika shuka, na si kosa lake kama kamba ya kuanikia inapita dirishani kwa watu.

Sitasema Mama Antena ni mwongo. Yote aliyoyasema yalitokea, maana mimi nilikuwa humo humo chumbani, nimeshika bisibisi. Shida ni alichodhani ameona.

Kwanza mjue kwamba Daktari si daktari wa sindano. Ni daktari wa kusoma. Alisoma mambo ya mashine mpaka vitabu vikamwishia, akapewa hilo jina, na sasa anafundisha chuoni. Siku asizokuwa na vipindi anashinda kwenye chumba alichokodi nyuma ya nyumba yetu. Wiki ya kwanza alipohamia, alikuja mzee mmoja mwenye goti bovu. Daktari alilitazama lile goti kwa makini, akalikunja, akalikunjua, akamwambia linalia kama bawaba iliyokosa grisi, kisha akamshukuru na kumsindikiza mlangoni. Mzee hakurudi tena.

Dada yangu ni mshonaji. Cherehani yake iko barazani, na anayekwenda chumba cha nyuma lazima apite mbele yake. Daktari alipita mara nyingi kuliko haja. Mwezi wa tatu akaanza kuleta suruali zishonwe ambazo hazikuwa zimechanika. Mwezi wa sita akaleta posa, ikapokelewa.

Mimi kazi yangu ni kutunza majongoo. Nilimaliza shule ya msingi nikabaki nyumbani, na Daktari alikuwa anatafuta mtu wa kufagia pole pole, kwa sababu chumba kile ukifagia kwa haraka unaweza kumuua jongoo, naye ni mtu wa kazi. Alinifanyia mtihani. Alinikalisha mbele ya sanduku la kioo lenye jongoo mmoja, akasema nimwite nikiona jambo. Nilikaa mpaka adhuhuri. Aliporudi nikamwambia, "Hajafanya kitu, lakini mara mbili ametaka kwenda kushoto akaghairi." Akanipa daftari na kalamu, nikaanza kazi siku hiyo.

Wako kumi na mmoja. Wanakula majani yaliyooza, na sanduku lazima liwe na unyevu, la sivyo wanakauka. Watu husema jongoo ana miguu elfu. Mimi nimeihesabu, na si kazi rahisi maana hawatulii: yule mkubwa ana mia moja na themanini na sita. Kila pingili ya mwili ina jozi mbili za miguu, isipokuwa zile chache za karibu na kichwa. Mtoto wa jongoo akianguliwa ana miguu sita tu, utadhani mende. Mingine inamjia kidogo kidogo kila anapojivua ngozi. Na ile ngozi haitupi, anaila. Ukimshtua anajikunja mviringo kama kishikizo. Ukizidi kumchokoza anatoa maji ya rangi ya chai, yananuka, yanaganda kwenye vidole siku tatu. Haumi. Anayeuma ni tandu, lakini nenda kawaeleze watu.

Majongoo wa kwenye sanduku la kioo ni walimu. Mwanafunzi ni roboti. Daktari anatengeneza jongoo wa mashine: pingili kumi za plastiki, miguu arobaini ya mpira, mota ndogo ndogo kila pingili, na kamera moja kichwani. Urefu wake ni kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Nyumba ikiporomoka na watu wakafukiwa, jongoo huyo apenye kwenye vifusi ambamo mbwa hapiti wala mkono haufiki, awatafute. Ndiyo kazi yenyewe. Si mchezo.

Sasa tuje kwenye mtungi, na hapa ndipo nilipokosea mimi.

Daktari alilelewa mabwenini tangu mdogo, akamalizia nchi za mbali. Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi. Asubuhi moja aliingia anang'aa uso mzima. "Umewahi kusikia msemo huu? Jongoo hapandi mtungi! Wahenga wametuwekea mtihani! Mtungi ni mviringo, unateleza, umetokeza tumbo nje. Roboti akiweza kuupanda, hakuna kifusi kitakachomshinda."

Nilikuwa nafagia. Nikaendelea kufagia pale pale ambapo palikuwa safi.

Mtu yeyote aliyekulia karibu na watu wazima anajua kwamba msemo ule haumhusu jongoo wala hauhusu mtungi. Unamhusu mwanamume ambaye mambo ya chumbani yamemshinda. Hata watoto wanaucheka kabla hawajajua kinachochekesha. Lakini ningemwambiaje? Ni mwajiri wangu, na ni shemeji yangu mtarajiwa. Adabu ikanifunga mdomo. Akaniuliza kama nyumbani upo mtungi. Nikaenda nikaazima wa shangazi.

Kwanza tulimjaribu jongoo wa kweli. Akapanda! Alipanda ule udongo mkavu mpaka mdomoni, akazunguka ukingo, akashuka upande wa pili, wala hakuonekana kujali. Nikasema moyoni, kumbe miaka yote hii mdudu wa watu anasingiziwa. Lakini roboti alikataa. Kila akifika kwenye tumbo la mtungi anayumba, anaachia, anaanguka.

Nami niliandika. Daktari aliniambia niandike kila nikionacho, kwa maneno machache, bila kupamba. Wiki ile nilimwaga chai kwenye ukurasa mmoja, nikaunakili upya, ule ulioharibika nikauchana nikauweka kando. Jumamosi Mama Antena akaja kuomba ndimu. Nikampa nne, na ili zisimdondoke, nikamfungia kwenye karatasi.

Ndimu alizitumia siku hiyo hiyo. Karatasi aliisoma.

Kufika Jumapili saa kumi tuliitwa sebuleni. Baba yetu ni marehemu, kwa hiyo mambo ya posa yako mikononi mwa baba mkubwa. Na mikono ya baba mkubwa iko mikononi mwa shangazi. Mama alikaa karibu na mlango. Dada alikuja na kazi yake, pindo la sketi, akawa anashona kwa mkono bila kuinua kichwa. Shangazi akaishika ile karatasi mbali na uso, maana miwani huwa anaiacha kwa watu, akasoma kwa sauti ya msomaji wa habari.

"Jumatatu. Jongoo wa Daktari amekataa kupanda mtungi. Amelala tu."

Baba mkubwa akakohoa.

"Jumanne. Amepanda nusu, akalegea, akaanguka. Daktari amehuzunika."

"Inatosha, dada," baba mkubwa akamwambia shangazi.

"Haitoshi. Jumatano. Tumempaka mafuta viungo vyote. Bado." Shangazi akashusha karatasi, akanitazama. "*Tume*mpaka. Wewe na nani?"

"Mimi na Daktari, shangazi."

"Ee Mola!"

"Ni mashine, shangazi! Ni roboti!"

"Yaani imefika mpaka kwenye mashine?" Akaendelea kusoma. "Alhamisi. Tumembadilishia betri. Amepanda dakika mbili, akapoa. Ijumaa. Daktari amesema tatizo liko kwenye nyaya." Akaikunja karatasi mara nne. "Mishipa hiyo. Mume wa mwenye duka ilimwanza hivyo hivyo."

Nilieleza. Nilieleza mpaka midomo ikakauka: chumba, kioo, pingili, mota. Lakini kila nilipotaja jongoo, baba mkubwa alitazama dari, na kila nilipotaja mtungi, shangazi alijifunika uso kwa mtandio. Mwisho shangazi akasema, "Mwanangu, tunajua unamtetea, ni shemeji yako. Lakini Mama Antena kamwona kwa macho amepiga magoti analia. Na hapa yapo maandishi, tena kwa mwandiko wako, ambao wote tunaujua ni mzuri. Sasa sisi tumpe binti yetu akakae na mtungi kama pambo?"

"Wenyewe walisema jongoo mtupe na mti wake," baba mkubwa akasema kwa huzuni. "Posa irudi, na barua irudi, na ile suruali yake iliyoko barazani irudi pia."

Ndipo dada akaukata uzi kwa meno. "Aje aeleze mwenyewe," akasema.

"Ataeleza nini?"

"Yeye mwenyewe bado simjui, shangazi. Ndiyo maana nataka aje."

Wakampa mpaka Jumamosi.

Kumwambia ikawa juu yangu. Jumatatu nilimkuta ameinama juu ya meza, roboti amelazwa chali, miguu arobaini juu.

"Daktari, kuna neno."

"Lete."

"Ule msemo wa jongoo na mtungi. Una maana nyingine."

Akachukua kalamu. "Endelea."

"Usiandike."

Akaweka kalamu sikioni.

"Ni kuhusu mtu mzima," nikasema. "Mwanamume. Aliyeoa."

"Ndiyo."

"Sasa nyumbani mtungi upo. Hauna tatizo. Lakini jongoo..."

Akasubiri. Daktari hamkatishi mtu. Anangoja sentensi iishe hata kama inamchinja msemaji.

"Jongoo hapandi," nikamalizia, nikageukia ukuta.

Nikasikia kalamu ikidondoka.

"Na ile karatasi," akasema pole pole, "uliandika kwamba jongoo wangu..."

"Ndiyo, Daktari."

"Amelegea."

"Jumanne."

"Na tukampaka..."

"Jumatano."

Nilipogeuka, masikio yake yalikuwa kama yamechomwa na jua. "Kwa hiyo mtaa mzima unajua?"

"Na mtaa wa pili. Mama Antena kamwambia kinyozi, na kinyozi ana wateja wa kule."

Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Ndiyo maana jana mwenye duka alinishika bega akaniambia nisikate tamaa. Nilidhani ni kuhusu utafiti." Akafikiri. "Nikisema ni roboti?"

"Nimeshasema. Wanasema imefika mpaka kwenye mashine."

"Basi waje waone wenyewe. Jumamosi. Akipanda mbele yao, hawatakuwa na la kusema. Asipopanda..." Hakuimalizia ile sentensi, na mimi sikumngoja aimalizie.

Tangu siku ile hakufanya kingine. Alipita barazani mara nne kwa siku, kwenda na kurudi chuoni, kwenda na kurudi kununua waya, kichwa chini, anahesabu kwa vidole. Mara nne kwa siku dada aliinua uso kutoka kwenye cherehani. Salamu ya Daktari ilikuwa, "Ee, habari," inatolewa kwa miguu ya dada wala si kwake.

Jumatano nikaona jambo. Nilikuwa nimemweka jongoo mkubwa juu ya kipande cha kioo, nimelala chali chini ya meza ili nimwone tumboni anavyotembea. Miguu yake huinuka kama wimbi linalotoka mkiani kwenda kichwani, michache hewani, mingi chini inasukuma. Hilo Daktari alilijua, na ameliweka kwenye roboti. Lakini nikatazama tena. Mguu wa kushoto ukiinuka, wa kulia pale pale mkabala wake unainuka nao. Pamoja. Kama watu wawili wanaobeba meza.

Nikamtazama roboti. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Anatingisha kiuno.

"Daktari," nikasema nikiwa chini ya meza, "mbona huyu wako anatembea kama binadamu?"

"Vipi?"

"Kushoto kulia. Anajinyonganyonga kama bibi harusi. Jongoo hana nyonga. Miguu yake huinuka miwili miwili, pande zote kwa pamoja. Kushoto kulia ni mwendo wa tandu." Nikaongeza, "Umetengeneza tandu, ukampa jina la jongoo."

Aliudhika. Alisema amesoma hilo jambo miaka kumi na miwili. Kisha akaja chini ya meza, akalala kando, akatazama. Tulilala pale mpaka shingo zikafa ganzi. Mama Antena akapita na shuka, akasimama, akaenda zake haraka. Hiyo nayo ilifika kwa kinyozi kabla ya saa sita.

"Anapoyumba upande mmoja, ule wa pili unaachia mtungi," Daktari akanong'ona. "Ndiyo sababu anaanguka." Akainuka akagonga kichwa kwenye meza, hakuhisi. Alhamisi na Ijumaa alibadilisha nyaya za pingili zote kumi. Hatukupata muda wa kujaribu zaidi ya mara moja, na mara hiyo moja betri iliisha njiani.

Jumamosi walikuja wamevaa nguo za msibani. Baba mkubwa na fimbo, shangazi na mtandio mpya, mama, na dada nyuma yao na uzi mweupe umemganda kwenye mkono wa gauni. Nje kulikuwa na watu ambao kwa bahati tu wote walikuwa na shughuli karibu na dirisha letu. Mama Antena alikuwa ameanika shuka mbili kavu.

"Tumekuja kuona," akasema shangazi, macho kwenye sakafu.

"Karibuni sana," akasema Daktari. "Ila naomba msimsogelee sana. Akiguswa ghafla anajikunja."

Baba mkubwa akashika fimbo kwa mikono miwili.

Shangazi akainua macho taratibu, yakakutana na mtungi katikati ya chumba. "Kumbe mtungi kweli upo!" Halafu akaukazia macho. "Huu si mtungi wangu?"

"Nilikuomba, shangazi," nikasema. "Ukasema chukua."

"Nilidhani wa maji! Yaani wiki nzima hii mtaa unazungumza, kumbe ni mtungi *wangu*?"

Daktari akamfunua roboti kitambaa, akamweka sakafuni. Baba mkubwa akainama, akamtazama kuanzia mkiani mpaka kwenye kamera.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, baba."

"Ana miguu."

"Arobaini."

"Na ndiye aliyelegea?"

"Jumanne, baba. Kwa kosa langu, si lake."

Baba mkubwa akamgeukia shangazi kwa uso wa mtu aliyetuliwa gunia. Lakini shangazi si wa kutuliwa upesi. "Maneno kila mtu anayo. Mimi karatasi ilisema hapandi. Apande."

Daktari akabonyeza swichi. Mota zikaanza kuvuma kama nyuki ndani ya kopo. Roboti akasogea, wimbi likapita miguuni, miwili miwili, kiuno kimetulia kabisa. Akaugusa mtungi kwa kichwa. Akasimama.

"Amesimama!" Mama Antena akatangaza dirishani kwa walio nyuma yake.

"Amesimama?" sauti ya kinyozi ikauliza. "Mwenyewe?"

"Mwenyewe! Hajashikwa na mtu!"

Jongoo akainua pingili ya kwanza, akaiweka juu ya udongo. Ya pili. Ya tatu. Akalifikia tumbo la mtungi, pale pale anapoangukia siku zote. Mguu mmoja wa mpira ukateleza. Nikasikia Daktari ameacha kupumua. Mama akanishika mkono kwa nguvu.

"Anateleza!" akapaza Mama Antena. "Jamani analegea! Hapana, ameshika! Ameshika!"

"Kaza, baba!" mtu akapiga kelele huko nje, na wengine wakaitikia.

Pingili ya mkiani ikasukuma, ya mbele yake ikapokea, nguvu ikasafiri mpaka kichwani, na jongoo akavuka lile tumbo kama vile halikuwepo. Akafika shingoni. Akafika mdomoni. Akaanza kuzunguka ukingo, kamera yake inang'aa, amejaa tele.

"AMEPANDA!" Mama Antena akapiga vigelegele, mtaa mzima ukavipokea, na najua kwa hakika kwamba robo tatu ya waliokuwa wakishangilia hawakujua wanashangilia nini, au walijua kingine.

Shangazi alikuwa amesimama, mtandio umemwanguka, anapiga makofi. "Huyo! Huyo! Nilisema mimi! Nilisema huyu kijana mzima!" Mama alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Katika zile kelele baba mkubwa akanisogelea, akainamisha kichwa karibu na sikio langu.

"Mwanangu. Yale mafuta ya Jumatano ni ya aina gani?"

"Ya cherehani, baba mkubwa. Niliyachukua kwa dada."

Akatikisa kichwa taratibu mara kadhaa, kama mtu anayekariri jina la mji.

Basi kwangu mimi mambo yalikuwa yamekwisha. Posa imepona. Shangazi alikwishaanza kuzungumzia vitambaa. Daktari akageuka, jasho linamtoka, anatabasamu mpaka fizi, akamtafuta dada.

Dada hakuwa mbele ya mtungi. Alikuwa amekaa juu ya ile ndoo kwenye kona, daftari langu limefunguliwa mapajani.

"Umeona?" Daktari akamwambia. "Umeona alivyovuka?"

"Sikuona," dada akasema. "Nilikuwa nasoma."

Kelele zikapungua. Shangazi akasema, "Wewe mtoto, jongoo kapanda, bado unataka nini?"

"Mimi, shangazi, kuhusu jongoo sikuwahi kuwa na shaka." Kule nje mtu akacheka, akanyamazishwa. Dada akafunua kurasa. "Hapa yule mkubwa alikosa hamu ya kula siku moja. Imeandikwa, na majani yake yakabadilishwa. Hapa mdogo amejichimbia udongoni kujivua ngozi. Imeandikwa, na siku za kumngoja zimehesabiwa moja moja, kumi na tisa. Hapa mmoja aligeuka mweupe, mkaogopa kumgusa asije akaumia. Vizuri sana. Sikujua kama mtu anaweza kumwangalia mwenzake hivi."

Akalifunga daftari. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika, maana hasira ya dada tunaijua inapoishia.

"Wiki nzima mtaa umenicheka," akasema. "Wateja walikuja kupima nguo ambazo hawataki, wapate kuniangalia usoni. Na wewe ulipita mbele yangu mara nne kwa siku. Sitaki uniandike, mimi si mdudu. Nina ombi moja tu. Niambie hapa, mbele ya hawa watu wangu: wiki hii mimi nilikuwaje?"

Daktari akanitazama mimi, kama mwanafunzi anayetafuta daftari la jirani.

Nami nilijua. Jumatatu alifumua kola moja mara tatu. Jumatano sindano ilimchoma, akakaa muda mrefu anakitazama kidole. Jana alimfukuza kinyozi barazani kwa mkasi. Leo hakunywa chai, na lile gauni alilovaa alilishona kwa siku mbili, akauacha uzi kwenye mkono wa gauni kwa haraka ya kulimaliza. Yote yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Lakini si mimi niliyeulizwa, nikainamisha macho.

Juu ya mtungi jongoo alikuwa bado anazunguka, miguu miwili miwili, na hakuna aliyekumbuka kumzima. Dada alikuwa ameukunja mkono wa gauni kuuficha ule uzi, amemkazia Daktari macho, anangoja.